Inzi Weupe wa Muhogo na Koo Zao

Maneno ya mazungumzo na wazee, walimu na wakulima wa Tarime na Serengeti

Leo twataka kusema nanyi juu ya kidudu kidogo sana, mweupe, ambaye urefu wake ni kama milimeta moja tu. Mtu hana budi kuinama na kuligeuza jani la muhogo ndipo amwone. Jina lake ni inzi mweupe, na wataalamu humwita Bemisia tabaci.

Labda mtu atasema moyoni, "Sisi tuna habari za ng'ombe, za mvua na za watoto wa shule. Inzi ni kitu gani hata tukusanyike kwa ajili yake?" Jibu letu ni hili. Mvua ikikosa kunyesha, mahindi hukauka na ulezi hukauka, lakini muhogo hungoja ardhini. Zamani za utawala wa Waingereza watu wa nchi hii waliamriwa kupanda muhogo uwe akiba ya njaa. Utawala ule umekwisha, lakini akiba ile bado yahitajiwa, na hata leo nyumba nyingi za huku husaga muhogo pamoja na mtama au ulezi zikapata ugali. Muhogo ni ghala lisilo na mlango wala kufuli, lililo chini ya ardhi. Mwizi akiliingia ghala la juu mtapiga yowe, na vijana watatoka mbio. Mwizi huyu wa ghala la chini hana kishindo, na mwenye shamba hujua ameibiwa siku anapochimba.

Inzi mweupe hali mizizi ya muhogo. Kazi yake ni kunyonya maji ya majani. Lakini anaponyonya mmea mgonjwa, kisha akarukia mmea mzima, huacha ndani yake virusi. Virusi ni vitu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya shuleni, navyo haviwezi kuishi wala kuzaana ila ndani ya kitu chenye uhai. Havina miguu wala mabawa, kwa hiyo hutafuta mchukuzi. Wachukuzi wa virusi vya muhogo ni wawili. Wa kwanza ni inzi mweupe. Wa pili tutamtaja baadaye, nanyi mkimjua mtashangaa.

Neno tunalotaka mlishike leo ni hili: inzi hawa wafanana kwa sura, lakini hawafanani kwa uzazi. Tena kwa sababu hawafanani, mtu asitegemee macho yake, wala bahati yake ya mwaka jana.

Ninyi wafugaji mtalielewa neno hili kuliko watu wa mjini. Mtu akileta zizini ng'ombe wawili wa rangi moja, wenye pembe sawa na umri sawa, mgeni atasema ni ndugu. Lakini mwenye zizi ajua kwamba huyu ni wa uzao wa maziwa mengi, na yule ndama zake hufa na ndigana kila mwaka. Tofauti hiyo haikuandikwa juu ya ngozi. Imo katika chembe za urithi, ambazo mtoto huzipokea kwa baba na mama. Basi, na wadudu ndivyo walivyo. Tena jambo hili lilithibitishwa katika nchi yetu hii, katika milima ya Usambara, zamani za babu zetu.

Huko Amani palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo, na mwaka 1928 alifika mtaalamu mmoja jina lake Harold Storey. Kabla ya hapo alikuwa Afrika ya Kusini, akichunguza ugonjwa wa milia ya mahindi, ule ambao majani hupata mistari myembamba ya manjano na shina likadumaa. Ugonjwa huo walima mahindi wa milima ya Tarime waujua. Storey alikuwa ameonyesha kwamba huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye juu ya majani, jina lake Cicadulina mbila. Sasa Amani akaona jambo la kumshangaza. Aliwaweka wadudu hao juu ya mahindi magonjwa wakanyonya wakashiba, kisha akamhamisha kila mmoja peke yake kwenye mche mzima. Wengine walileta ugonjwa. Wengine hawakuleta kabisa, hata walipokaa na mmea mgonjwa siku nyingi. Ukiwatazama, sura ilikuwa moja.

Mtu mwingine angesema ni bahati, akaacha. Storey hakuacha. Aliwatenga wale walioweza kueneza ugonjwa akawazalisha wao kwa wao, na wale wasioweza akawazalisha wao kwa wao, kama mfugaji atengavyo mbegu zake. Akapata koo mbili zilizo safi, ukoo uwezao na ukoo usioweza. Kisha akachanganya. Alipompa dume la ukoo uwezao jike la ukoo usioweza, watoto wote wa kike waliweza kueneza ugonjwa, na watoto wote wa kiume hawakuweza. Alipogeuza, akampa dume lisiloweza jike la ukoo safi uwezao, watoto wote waliweza, wa kike na wa kiume. Hapo ikajulikana kwamba uwezo wa mdudu kuchukua ugonjwa hurithiwa, tena hurithiwa kwa kanuni, wala si jambo la bahati. Alitangaza habari hizo mwaka 1932.

Mwaka uliofuata alieleza jambo jingine. Alichukua wadudu wa ukoo usioweza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba sana, na wengine kati yao wakaanza kueneza ugonjwa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba virusi vikinywewa pamoja na maji ya jani huingia tumboni, na havina budi kupenya ukuta wa utumbo, viingie katika damu ya mdudu, vifike katika mate yake, ndipo vitoke anapouma mmea mwingine. Kwa ukoo mmoja mlango ule uko wazi. Kwa ukoo wa pili umefungwa, na sindano ndiyo iliyoufungua. Basi tazameni: wadudu wawili wa sura moja, juu ya jani moja, na mmoja ana mlango ambao mwenziwe hana.

Sasa na turudi kwenye muhogo. Ugonjwa wa kwanza ni batobato. Majani hupata mabaka ya manjano na kijani, hujikunja, mmea hudumaa, na mizizi huwa myembamba kama vidole. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, katika nchi hii ambayo leo ni Tanzania. Baadaye Storey na mwenziwe Nichols waliuchunguza huko Amani, na mwaka 1938 walieleza jinsi inzi weupe wanavyouambukiza kwenye majani machanga. Ugonjwa wa pili ni michirizi ya kahawia, nao tutausema baadaye.

Hatutaki kuwapoteza kwa kusema kwamba inzi wa muhogo ni sawasawa na mdudu wa mahindi. Kwa mdudu wa mahindi, tofauti iliyoonekana ilikuwa ya kuweza na kutoweza kueneza. Kwa inzi weupe, tofauti iliyotuumiza zaidi ni ya wingi. Inzi mweupe alipewa jina lake mwaka 1889, alipoonekana juu ya tumbaku huko Ugiriki, na kwa miaka mingi watu walidhani yuko wa namna moja tu duniani kote. Wataalamu walipopata njia ya kusoma chembe za urithi, waliona kwamba chini ya jina hilo moja zimo koo zaidi ya 30, ambazo mtu hawezi kuzitenga kwa macho hata akiwa na darubini nzuri. Nyingine hupenda pamba, nyingine mboga, na nyingine hukaa juu ya muhogo wa Afrika. Hata hawa wa muhogo si wamoja. Wale walioenea kwenye mashamba ya kandokando ya Ziwa Viktoria wana tofauti na wale wa pwani ya Bahari ya Hindi.

Faida ya kujua haya ni nini? Sikieni habari za jirani zetu wa Uganda.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika sehemu za kati na kaskazini za Uganda, wakulima waliona batobato ambayo hawakuizoea. Tangu zamani walikuwa na batobato ya kawaida, na muhogo ulizaa hata hivyo. Lakini hii mpya iliunyausha mmea kabisa. Tena inzi weupe waliongezeka mno, hata ukitikisa kilele cha mmea waliruka kama unga unaopeperushwa na upepo. Ugonjwa ukaenda kusini kama kilometa 20 hata 30 kila mwaka, kama moto wa nyika, na nyuma yake watu wakaacha kulima muhogo wilaya kwa wilaya. Katika miaka ya 1990 njaa iliingia mahali ambapo muhogo ulikuwa ndio chakula, na watu wengine walikufa.

Wataalamu walipochunguza waliona mambo mawili. La kwanza, lililotangazwa mwaka 1997, ni kwamba virusi vya namna mbili vilikutana ndani ya muhogo mmoja, vikabadilishana sehemu za urithi wao, na kikazaliwa kirusi kipya. Kirusi hicho kikiingia katika mmea pamoja na kile cha zamani, madhara huwa makubwa kuliko kila kimoja peke yake. La pili lilitangazwa na James Legg na wenzake mwaka 2002. Walisoma urithi wa inzi wa Uganda, wakaona kwamba mahali ugonjwa ulipokuwa unaingia palikuwa na inzi wa ukoo mwingine, tofauti na ule wa wenyeji. Kwa macho inzi walikuwa wale wale, bali kwa urithi kulikuwa na wageni miongoni mwao.

Tena habari hiyo haikuishia hapo. Miaka iliyofuata walipima mara nyingine, wakaona ule ukoo wa wageni umepungua sana, na inzi waliojaa mashambani ni wa ukoo mwingine, wenye kuzaana kwa wingi uo huo. Kwa hiyo mtu asiseme, "Tumemjua adui, tumemaliza." Inzi huyu hutoka yai mpaka kuwa mzima kwa muda wa majuma matatu au manne, hata kwa mwaka mmoja huwa na vizazi kumi na zaidi. Jike asiyepata dume huzaa vilevile, ingawa huzaa madume tu. Watu wakiwa wamepata mtoto mmoja, inzi amekwisha pata wajukuu wa wajukuu, na kila kizazi chaweza kuleta kilicho tofauti kidogo. Kile kinachofaa zaidi kwa mashamba yetu ndicho kinachobaki na kuongezeka.

Ugonjwa ule ulivuka mipaka. Katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa magharibi ya Kenya, na mwisho wa miaka hiyo ulikuwa Kagera. Ninyi mnaokaa karibu na Sirari mwajua kwamba mpakani mtu husimama akaulizwa habari zake. Inzi hasimami wala haulizwi.

Sasa tuseme juu ya ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao kwa maoni yetu ni mwizi mbaya kuliko wa kwanza. Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa Amani. Majani ya chini hupata manjano kando ya mishipa, na shina changa huwa na michirizi ya kahawia. Lakini mara nyingi mmea husimama wima, majani ni mengi, na mwenye shamba hufurahi. Siku ya kuchimba huona mizizi minene, akaikata, akakuta ndani madoa ya kahawia yaliyokauka kama gamba la mti. Hailiki, haiuziki, na nguruwe mwenyewe huikataa.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulikuwa wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Nyasa, na watu waliamini kwamba haupandi mahali palipo juu ya meta 1,000. Sisi huku tulikaa tukisema, "Hayo ni ya watu wa pwani." Lakini mwaka 2004 ulionekana tena Uganda, mahali pa juu kuliko meta hizo, na katika miaka iliyofuata ukaonekana kuzunguka Ziwa Viktoria, na mkoa wa Mara haukusalimika. Mwaka 2005 wachunguzi walithibitisha kwamba inzi mweupe huuchukua. Inzi walipokuwa wachache, ugonjwa ulikaa mahali pake. Walipokuwa wengi, ulipata wachukuzi.

Hapa yafaa kutenga mambo mawili. Inzi aliyenyonya virusi vya batobato huvishika kwa siku kadhaa, na aweza kuvipeleka mbali. Lakini virusi vya michirizi hushikamana naye kwa muda mfupi tu, siku moja au mbili, kisha humwachia. Basi inzi peke yake hawezi kuchukua michirizi kutoka pwani mpaka Mara. Ni nani basi aliyeichukua safari ndefu? Tulisema mwanzo kwamba mchukuzi wa pili mtamshangaa. Mchukuzi huyo ni mtu. Ni sisi wenyewe, na mafungu yetu ya vipando juu ya kichwa, juu ya baisikeli na ndani ya gari. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Neno hili ni zito, nasi twalisema kwa heshima. Katika nchi yetu kumpa mwenzio mbegu ni jambo la utu. Binti aolewapo kijiji kingine hurudi kwa mama yake kuomba vipando. Jirani akipatwa na ukame huja kuomba, na mwenye kumnyima huitwa mchoyo. Hatusemi mwache kupeana, maana kijiji kisichopeana mbegu ni kijiji kilichokufa. Twasema hivi: umpendaye usimpe ugonjwa. Kipando kimoja kigonjwa ni mmea mmoja mgonjwa shambani mwa bintiyo, na inzi wa huko, wa ukoo wowote ule, watamaliza kazi.

Mzee aweza kusimama akasema, "Mbegu hii nimeirithi kwa mama yangu, naye hakuona batobato ya kumnyima chakula. Mbona mwasema ni mbaya?" Twamjibu: Mzee, mbegu ya mama yako haikuharibika kwa tabia yake. Nyumba ni ile ile, bali wezi wamebadilika. Virusi si vile vya siku zake, na inzi ni wengi kuliko wa siku zake. Mlango uliotosha kumzuia fisi wa zamani hautoshi kumzuia mwizi wa leo.

Mwingine atasema, "Basi tupeni dawa tuwapulizie inzi tuwamalize." Hili nalo twalijibu kwa yale tuliyokwisha kusema juu ya urithi. Ukipuliza dawa, inzi wengi hufa, lakini kati yao wamo wachache ambao kwa urithi wao dawa haiwadhuru. Hao hubaki, na watoto wao huwa kama wao. Baada ya vizazi vichache umejizalishia ukoo usiosikia dawa, nawe umetumia fedha. Zaidi ya hayo, dawa huua vidudu vingine ambavyo ni adui wa inzi, wakiwamo nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya watoto wa inzi. Tena inzi mmoja aliyebaki atosha kuambukiza mmea. Kwa mkulima wa kawaida njia hii ni hasara.

Tufanye nini basi? Twawaomba mshike mambo manne.

Kwanza, chagueni vipando wakati majani yakiwa bado juu ya mmea, wala msingoje siku ya kuvuna. Siku ya kuvuna shina limekuwa kijiti tu, na mgonjwa na mzima hawatambulikani. Mwenye shamba apite mapema, aifunge kamba au kitambaa mimea iliyo mizima, isiyo na mabaka wala manjano kando ya mishipa. Siku ya kuvuna aichimbe ile aliyoifunga, akate mizizi yake atazame ndani. Ikiwa myeupe na safi, shina lake ndilo la kupanda na la kumpa mwenzio.

Pili, ng'oeni mimea migonjwa ikiwa ingali michanga, katika miezi ya kwanza baada ya kupanda. Twajua moyo wa mkulima humwuma kung'oa alichokipanda, akisema, "Labda kitapona." Kwa kawaida muhogo hauponi virusi. Mmea uliouachia ni chungu ambacho inzi huja kunywa, kisha huruka kwenda kwa mwenzake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatu, tafuteni mbegu zinazovumilia magonjwa haya. Hapa pana hadithi njema. Katika miaka ya 1930 Storey na Nichols walianza kuoza muhogo kwa mti wa mpira ulio ndugu yake, ili wapate muhogo wenye nguvu juu ya magonjwa. Katika miaka ya 1950 mbegu za uzao huo zilipelekwa Nigeria, zikaendelezwa huko, na miaka mingi baadaye wajukuu wake walirudi Afrika Mashariki. Mmoja wao, aitwaye Nase 3, alikuwa kati ya walioisaidia Uganda kupata muhogo tena baada ya batobato kali. Lakini mbegu nyingi zilizoishinda batobato zilikuja kushindwa na michirizi ya kahawia, na hilo latufundisha kwamba hakuna mbegu ya kuaminiwa milele. Iko mbegu ya Kiroba, iliyotoka pwani, ambayo yajulikana kwa kuvumilia michirizi. Angalieni neno hilo: kuvumilia si kutougua. Mmea unaovumilia waweza kuwa na virusi ndani huku ukikuzalia chakula, na inzi akavitoa humo akampelekea jirani. Kwa hiyo hata mbegu njema haiondoi kazi ya kuchagua na kung'oa. Mwulizeni Bwana Shamba wa kata yenu ni mbegu ipi inayofaa udongo wenu kwa mwaka huu, naye aweza kupata shauri kwa wataalamu wa kituo cha Ukiriguru, Mwanza. Mkinunua vipando kwa fedha, ulizeni kama shamba lile limekaguliwa na TOSCI, maana hiyo ndiyo taasisi ya serikali yenye kazi ya kuthibitisha mbegu.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, fanyeni pamoja. Tuseme mama mmoja wa kando ya mto Mori amechagua vipando vyake, akang'oa wagonjwa wote, akapalilia vizuri. Shamba la jirani yake limeachwa, lina muhogo wa miaka mitatu wenye mabaka kila jani. Kazi ya mama yule ni bure. Katika majuma machache inzi watavuka kijia, na shamba lake litakuwa kama la jirani. Mtu akipotelewa na ng'ombe, kijiji kizima hufuata nyayo, wala hapana asemaye, "Ng'ombe si wangu." Basi na iwe vivyo hivyo kwa muhogo. Kijiji kikubaliane siku moja ya kutazama mashamba yote na kung'oa wagonjwa, kabla ya mvua za kupanda, na mashamba yaliyoachwa yang'olewe pia. Mkulima aliyeng'oa sehemu kubwa asiachwe na njaa. Wenzake wampe vipando vizima na chakula kidogo, maana amewakinga wao pia.

Kwa walimu tuna ombi. Wapelekeni watoto shambani asubuhi na mapema, wakati inzi hawajachangamka kuruka, waligeuze jani polepole na kuhesabu. Wahesabu inzi juu ya majani matano ya kilele cha mmea, waandike katika daftari, na warudi tena baada ya majuma mawili. Watajifunza hesabu, na kijiji kitapata habari. Hesabu ikipanda ghafula, mwambieni Bwana Shamba upesi, maana yaweza kuwa dalili ya ukoo mgeni uliofika, nasi hatuna macho ya kuujua ila kwa wingi wake.

Kwa wazee tuna neno moja. Ninyi ndio mnaosikilizwa. Kijana akisema, "Ng'oeni," watu hucheka. Mzee akianza kwa shamba lake mwenyewe, watu hufuata. Mzee mmoja aking'oa muhogo wake mgonjwa mbele ya macho ya watu, amefundisha kuliko sisi tuliosema leo.

Basi hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Yule mtaalamu wa Amani hakuridhika na sura ya mdudu, alitaka kujua uzao wake, na kwa hiyo akaujua ukweli. Nasi tusiridhike na sura ya shina. Twende tukaligeuze jani, tukaufunge kamba mmea mzima, na siku ya kuvuna tukate muhogo tutazame ndani kabla ya kumpa mtu kipando.

Kwaherini, na mvua njema iwafikie.